Kabla ya utajiri kulikuwa na kazi za vibarua

Haya jamani, leo nataka tuongee habari ya pesa. Si pesa nyingi. Pesa ndogondogo, zile za kwanza kabisa ambazo mtu analipwa kwa ujuzi aliojifunza mwenyewe usiku wakati wenzake wamelala.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumbani kwetu, ni mmoja wa vijana waliojifundisha kuandika programu za kompyuta. Hakwenda chuo kwa ajili hiyo. Alianza na kompyuta yangu ya zamani niliyoiacha nyumbani, bando la usiku na ukaidi wake wa kuzaliwa. Mwaka huu akapata kazi yake ya kwanza ya kulipwa. Mwenye duka la dawa mtaani kwetu alitaka programu ya kumwonyesha dawa zilizobaki na zile zinazokaribia kwisha muda. Wakakubaliana kwa mdomo, shilingi laki moja na nusu. Dogo akakesha wiki tatu. Programu ikafanya kazi, mpaka leo inafanya kazi. Akapewa elfu hamsini na kuambiwa nyingine aje baadaye, "maana wewe hukununua kitu chochote, ulikaa tu na kompyuta yako."

Akaja kwangu. "Kaka, hivi nimekosea wapi?"

Mimi sijui kuandika programu hata mstari mmoja. Kazi yangu ni kuuliza na kusoma. Nikamwambia anipe wiki moja, nikaenda kutafuta jinsi wale wakubwa wa fani yake walivyoanza. Habari za utajiri wao tumezisikia mpaka tumechoka. Nilitaka kujua kazi ya kwanza, ya pili na ya tatu: nani aliwalipa, aliwalipa nini, na nani alimzunguka nani. Nimesoma habari za vijana wanne wa Seattle, Marekani, na nakiri sikutegemea nilichokikuta.

Vijana wenyewe ni Paul Allen, Ric Weiland, Bill Gates na Kent Evans. Wawili wa kwanza walikuwa wakubwa kidogo, wawili wa mwisho walikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi mwaka 1968, hadithi inapoanza. Walisoma Lakeside, shule ya binafsi ya watoto wa wenye uwezo. Mwaka huo umoja wa akina mama wa shule ulitumia fedha za mauzo yao ya vitu vilivyotumika kuipatia shule mashine moja ya Teletype. Naomba usifikirie kompyuta. Teletype ni taipureta kubwa yenye kelele iliyounganishwa na laini ya simu. Unaandika, maneno yanakwenda kwenye kompyuta ya kampuni ya General Electric iliyoko mbali, kisha jibu linarudi na kujichapa kwenye karatasi. Hakuna skrini. Na kila dakika unayotumia kompyuta ile inaandikwa na kulipiwa.

Hilo la kulipia dakika ndilo ufunguo wa habari yote hii. Sisi tumezoea kwamba ukishakuwa na kompyuta ni yako, kinachokula hela ni umeme na bando. Wakati ule kompyuta haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya kampuni, jeshi au chuo kikuu, na wewe ulinunua muda, kama watu walivyokuwa wakinunua dakika kwenye vibanda vya simu. Lugha waliyojifunza, BASIC, ilitengenezwa mwaka 1964 na John Kemeny na Thomas Kurtz katika chuo cha Dartmouth ili mwanafunzi wa kawaida aweze kuandika programu. Walimu wa Lakeside waliwaonyesha mwanzo tu. Baada ya muda mfupi watoto walikuwa wanajua kuliko walimu, na walimu, kwa busara ambayo si walimu wote wanayo, wakawaacha waendelee. Programu ya kwanza ya Gates ilikuwa mchezo wa kujaza alama kwenye vyumba tisa. Mchezo tu. Fedha za akina mama zikayeyuka.

Malipo ya kwanza waliyopata hayakuwa pesa. Mwishoni mwa 1968 kampuni moja changa pale Seattle, Computer Center Corporation, ilipata kompyuta ya PDP-10 kutoka kwa watengenezaji wake, Digital Equipment Corporation. Mmoja wa waanzilishi wake, mama aitwaye Monique Rona, alikuwa na mtoto Lakeside. (Ona jinsi akina mama wanavyojitokeza kila mahali katika habari hii, halafu sinema zinatuonyesha vijana wawili peke yao gereji.) Kampuni ilikuwa na makubaliano ambayo yangemfurahisha mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo: maadamu programu za ile kompyuta bado zina makosa, malipo kwa watengenezaji yanasogezwa mbele. Kwa hiyo walihitaji watu wa kuyatafuta makosa. Na nani anaweza kuiharibu mashine kuliko watoto? Wakaambiwa: njooni jioni na mwisho wa wiki, tumieni kompyuta bure, ila kila mkiiangusha muandike mmefanya nini.

Ndio ujira huo. Muda. Walikaa pale usiku wa manane. Gates alitoroka nyumbani kupitia kwenye dirisha la chumba chake. Waliokota karatasi zilizotupwa kwenye mapipa ya taka nyuma ya ofisi, zenye mabaki ya kahawa, ili wasome programu za wakubwa. Mmoja wa wakubwa hao alikuwa Steve Russell, yule aliyeandika mchezo wa Spacewar pale MIT mwaka 1962. Yeye aliwaazima vitabu vya maelekezo. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yao hasa. Kwa lugha ya mtaani tungesema walikuwa "dei waka" wanaolipwa chakula.

Siwatetei katika kila kitu. Walipoona muda wa bure unapungua waliingia kwenye akaunti zisizo zao, wakakamatwa na kufungiwa kompyuta kwa kipindi kizima cha likizo. Mwaka 1970 kampuni ikafilisika, na ule muda wa bure ukaondoka nayo. Mdogo wangu niliposimulia hapa alicheka, akauliza, "Sasa wale walikuwa wanafunzi au wezi?" Nikamwambia vyote viwili, kwa zamu.

Kazi iliyofuata ndiyo iliyonikalisha kitini. Mapema mwaka 1971 kampuni ya Information Sciences, ya Portland katika jimbo la Oregon, ilitaka programu ya mishahara. Hebu fikiria. Vijana waliozoea michezo na mafumbo, sasa wanaambiwa waandike programu ya kukata kodi! Na si kwa BASIC waliyoipenda, ni kwa COBOL, lugha ya maofisi, ndefu kama barua ya kuomba kazi serikalini. Ugumu haukuwa kompyuta. Ugumu ulikuwa kujua mshahara unavyofanya kazi: kodi ya serikali kuu, kodi ya jimbo, makato ya hifadhi ya jamii, ripoti ya mwisho wa robo mwaka. Gates alikuwa bado hajawahi kupokea mshahara maishani, na alikuwa anajifunza jinsi ya kuukata.

Nimezungumza na watu kadhaa wanaofanya kazi hizi hapa mjini na wote wananiambia jambo hilohilo. Kujifunza lugha ya kompyuta ni sehemu nyepesi. Mdogo wangu alitumia siku nne nzima kuelewa kwamba dawa ileile inaingia dukani kwa boksi, inauzwa kwa karatasi ya vidonge kumi, na wakati mwingine inauzwa kidonge kimoja kimoja kwa mama mwenye shilingi mia tano. Hakuna somo la bure la video lililomwambia hayo. Aliyajua kwa kukaa kwenye benchi la duka akitazama.

Turudi Portland. Allen na Weiland, wakubwa, waliiangalia kazi wakaona haitoshi watu wanne. Wakawaambia wadogo wakae pembeni. Gates na Evans wakakaa pembeni wakiwa wamenuna. Haukupita muda wakubwa wakakwama na kuwaita. Gates akakubali kwa sharti moja, kwamba yeye ndiye atakayekuwa msimamizi, na akawaonya kwamba akishaonja usimamizi itakuwa vigumu kumnyang'anya. Allen mwenyewe ndiye aliyeisimulia habari hii baadaye, tena bila kinyongo kikubwa.

Malipo? Muda wa kompyuta tena, wenye thamani ya takriban dola 10,000. Lakini safari hii kulikuwa na karatasi. Baba yake Gates alikuwa wakili, akawasaidia kwenye mambo ya mkataba. Hapa ndipo nilipoweka kitabu chini nikatembea kidogo. Tunapenda kusema hawa walikuwa na akili za ajabu, na sikatai. Ila walikuwa pia na mzee nyumbani anayejua mkataba unavyoandikwa. Kijana wa Mbagala mwenye akili hizohizo, nani atamsomea mkataba wake? Kaka yake mwandishi wa habari, ambaye mkataba wake mwenyewe aliusaini bila kuusoma? Haya, tuendelee.

Mwaka huohuo wa 1971 Lakeside iliungana na shule ya wasichana ya St. Nicholas. Ghafla ratiba ya vipindi ikawa balaa: wanafunzi wengi zaidi, majengo mbalimbali, walimu wa hapa na pale. Mwalimu aliyekuwa akiishughulikia kwa kompyuta alifariki katika ajali ya ndege mwanzoni mwa 1972. Shule ikawageukia Gates na Evans.

Ngoja nikae kidogo kwa huyu Kent Evans, kwa sababu hatajwi sana, na mimi binafsi ndiye aliyenivutia kuliko wote. Alikuwa mtoto wa mchungaji. Alitembea na begi kubwa la mkononi kama mzee wa ofisi, na alisoma majarida ya biashara katika umri ambao wengi tunasoma katuni. Ndiye aliyekuwa akimwambia Gates kwamba watakuwa watu wa maana, na alipiga hesabu za kazi gani mtu anaweza kuifanya na italipa kiasi gani. Kwa maneno mengine, yule mtu ambaye kila kundi la vijana wenye ujuzi linamhitaji na mara nyingi halina: anayeuliza "tutalipwaje?" kabla kazi haijaanza.

Wakaifanya ratiba wawili wale, wakikesha shuleni, wamechoka kupita kiasi. Kent alikuwa amejiandikisha kwenye mafunzo ya kupanda milima. Tarehe 28 Mei 1972, kwenye mlima Shuksan, aliteleza akaanguka, akafariki. Alikuwa na miaka 17. Gates amesema, akiwa mzee sasa, kwamba namba ya simu ya Kent bado anaikumbuka kichwani.

Ratiba ilikuwa bado haijaisha. Gates alimpigia Paul Allen, ambaye alikuwa amerudi likizo kutoka chuo kikuu cha jimbo la Washington, wakaimalizia pamoja kipindi kile cha joto. Walilipwa. Watu wengi wanaijua kazi hii kwa ule mzaha anaousimulia Gates mwenyewe, kwamba alijipanga kwenye madarasa yenye wasichana wengi. Sawa, inachekesha. Ila mimi nikiisoma siwezi kuacha kuona kiti kimoja kitupu mbele ya ile mashine, na kuona kwamba ushirika wa Gates na Allen, ule uliotikisa dunia, ulifungwa kwa nguvu katika majira ya msiba.

Baada ya hapo wakaingia barabarani, maana hasa ya neno. Huko kwao manispaa ziliweka mipira ya hewa kukatisha barabara. Gari likipita linaikanyaga, na kisanduku kilicho pembeni kinatoboa matundu kwenye utepe wa karatasi. Ukiyasoma matundu unajua magari mangapi yamepita na saa ngapi, hivyo unajua pa kuweka taa. Kuna watu walilipwa kuzisoma tepe hizo. Vijana wakaona wanaweza kwa bei nafuu. Mwanzoni Gates aliwapa wanafunzi wadogo wa shule vibarua vya kusoma matundu kwa macho na kuyaandika tarakimu. Kisha wakapata wazo kubwa: kutengeneza mashine itakayosoma yenyewe. Wakanunua kwa dola 360 prosesa ndogo ya Intel, 8008, iliyotoka mwaka uleule wa 1972. Paul Gilbert, mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, akaunda mashine. Biashara wakaiita Traf-O-Data.

Shida ilikuwa hivi: unaandikaje programu ya mashine ambayo bado haipo? Allen akiwa chuoni akaandika programu iliyoifanya kompyuta kubwa ya IBM ijifanye ni ile prosesa ndogo. Gates akaandikia na kujaribia humo. Shika neno hilo, litarudi.

Siku ya kumwonyesha mteja ikafika. Afisa wa wilaya ya King akaja nyumbani kwa akina Gates. Mashine ikawashwa, utepe ukawekwa, na kisomeo kikagoma. Kijana akamwita mama yake aje kutoa ushahidi kwamba jana ilifanya kazi. "Mama, mwambie!" Hakununua.

Baadaye ilifanya kazi na wateja wachache walipatikana, halafu serikali ya jimbo ikaanza kuzihudumia manispaa bure. Nani atakulipa kwa kitu anachopewa bure? Allen alikuja kuandika mwaka 2011 kwamba kati ya 1974 na 1980 Traf-O-Data ilipata hasara ya jumla ya dola 3,494. Mtu ambaye wakati anaandika alikuwa bilionea, anaikumbuka hasara yake ya ujana mpaka ile dola nne ya mwisho. Mfanyabiashara yeyote mdogo atamwelewa.

Niongeze jambo la pembeni. Mwaka huohuo 1974 serikali yetu Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Tulikuwa nayo tangu 1965, ICT 1500 pale Wizara ya Fedha, na kazi ya kuweka hesabu za serikali kwenye kompyuta ilikuwa imevurugika vibaya. Marufuku yale yalidumu mpaka miaka ya tisini. Kwa hiyo kijana wa Dar wa umri wa Gates, hata angekuwa na baba wakili na mama mwenye mnada, asingepata pa kugusa. Wala sisemi haya kumlaumu mtu. Hesabu za serikali zikipotea lazima mtu akasirike. Nasema tu kwamba tunapowapigia vijana wetu kelele kuwa wamechelewa, tuhesabu na hiyo miaka.

Haya, mwisho wa hadithi mnaujua. Toleo la Januari 1975 la jarida la Popular Electronics lilitoka na picha ya Altair 8800, kompyuta ya kujiundia nyumbani, dola 397. Allen na Gates wakaiahidi kampuni ya MITS kule Albuquerque lugha ya BASIC ya mashine hiyo, kabla hawajaiandika na bila kuwa na Altair. Waliwezaje? Kwa ile mbinu ya matundu ya barabarani! Allen aliirekebisha programu yake ya kujifanyisha prosesa, safari hii ya 8080, wakaandikia kwenye kompyuta ya Harvard. Monte Davidoff akaandika sehemu ya hesabu. Microsoft ikazaliwa Aprili 1975. Biashara ya hasara ndiyo iliyobeba biashara ya faida mgongoni.

Mkataba wao na MITS ulikuwa wa dola 3,000 mkononi na mrabaha kwa kila nakala. Lakini watu wakaanza kunakiliana tepe za BASIC bure. Februari 1976 Gates, kijana wa miaka ishirini, akawaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta akiwaambia kwa ukali kwamba wengi wao ni wezi. Humo alifanya hesabu moja: mrabaha walioupata ukigawanywa kwa muda walioutumia kuandika BASIC, kila saa ilikuwa na thamani ya chini ya dola mbili. Watu walimchukia sana kwa barua ile, na wengine wanaichukia mpaka leo. Mimi nilipoisoma nilisikia sauti ya mwenye duka la dawa: wewe hukununua kitu, ulikaa tu na kompyuta yako.

Jumapili nilimsimulia mdogo wangu yote haya, mama akiwa anapepeta mchele pembeni. Dogo hakusema kitu kuhusu Microsoft. Alichukua kalamu akaanza kuhesabu siku zake za duka la dawa, pamoja na zile nne za kwenye benchi. Zikafika saa mia na themanini hivi. Hata angelipwa laki na nusu yote, ingekuwa shilingi mia nane na kitu kwa saa. Akaniangalia.

"Na yule Kent," akauliza, "angesemaje?"

Mama, ambaye nilidhani hasikilizi, akasema angekuwa ameandikishana tangu siku ya kwanza. Halafu akainuka, akafuta mikono kwenye kanga, akasema huyo mwenye duka anamfahamu, wako kwenye kikundi kimoja cha kukopeshana, na Jumanne wanakutana.